Noti Iliyo Kati ya Freti Mbili

Jioni moja, baada ya Isha, kijana alinijia barazani Kibokoni, Mombasa, na gitaa lake la nyuzi za chuma, akaniomba nimsikilize. Alikuwa na karatasi yenye mchoro wa shingo ya gitaa, vidoti vyekundu vimepangwa juu yake, na kichwa chake kimeandikwa "Bayati". Akaipiga kama ilivyochorwa, kutoka chini hadi juu na kurudi, bila kukosea hata pahali pamoja. Kando yetu alikuwa ameketi mzee ambaye amepiga udi kwenye harusi za mji huu tangu ujana wake. Kijana alipomaliza, mzee aliweka chini kikombe chake cha kahawa tungu, akaguna noti tatu tu, polepole, kama anayembembeleza mtoto. Ya kwanza, ya pili, ya tatu, kisha akarudi kwenye ya kwanza.

"Hiyo ya pili umeisikia, mwanangu?"

Kijana aliitafuta kwenye gitaa. Alibonyeza freti moja, ikawa chini kidogo. Akabonyeza inayofuata, ikapita juu. Akarudi ya kwanza, akaenda ya pili, akanitazama. Noti aliyoitaka ilikuwepo, masikio yake yaliisikia vyema, lakini gitaa halikuwa na pahali pake.

Nimekutana na tatizo hilo kwa vijana wengi wa hapa kisiwani, na kwa wengine wanaoniandikia kutoka Malindi, Tanga na hata Muscat. Wanajua kordi za rumba, wanajua nyimbo za hotelini, wanaweza kupiga "Jambo Bwana" ya Them Mushrooms wakiwa wamefumba macho. Sasa wanataka kupiga kile walichokisikia nyumbani kwa bibi zao, na gitaa linawagomea. Makala haya ni yao. Nitasema yale yaliyonifaa mimi, na nitaanza na jambo ambalo wengi hawapendi kuambiwa: weka gitaa chini kwanza.

Ili ujue kwa nini, lazima uelewe freti ni nini. Mafundi wa gitaa wamegawa oktava, yaani safari ya kutoka D hadi D nyingine, kwa hatua 12 zilizo sawa kabisa. Wapimaji wa sauti huipa oktava nzima senti 1200, kwa hiyo kila freti ina senti 100. Mpango huo umefanya kazi nzuri sana kwa muziki wa kordi, kwa sababu unaweza kuhamisha wimbo juu au chini na kila kitu kikabaki vilevile. Lakini noti ya pili ya Bayati, mojawapo ya makamu, yaani mipangilio ya noti ya muziki wa Kiarabu, iko takriban senti 150 juu ya noti ya kwanza. Senti 100 ni freti ya kwanza, 200 ni freti ya pili. Mia na hamsini iko katikati, kwenye mbao tupu.

Nyumba za zamani za Mji wa Kale zina ngazi za mawe ambazo mwashi alizijenga kwa jicho lake. Kipandio kimoja ni kirefu, kinachofuata kifupi, cha tatu kimeinama upande. Mgeni hujikwaa hata mchana. Mtoto aliyezaliwa humo hupanda usiku umeme ukiwa umekatika, amebeba ndoo ya maji, na hamwagi tone. Mguu wake umejua. Bayati ni ngazi ya namna hiyo, na wewe unajaribu kuipanda kwa mguu uliozoea ngazi za jengo jipya la Nyali.

Habari njema ni kwamba mkazi wa Mombasa si mgeni katika nyumba hii. Ukiwa umesoma chuo cha Qur'ani utotoni, ukakaa kwenye maulidi, ukasikia kasida, basi sikio lako limekwisha kupita kwenye Bayati, Rasti, Hijazi na Saba mara maelfu, hata kama hukujua majina. Niseme wazi hapa, kwa sababu watu wanauliza: Qur'ani si muziki na adhana si wimbo, na sikushauri ukae na gitaa uanze kumfuatiliza mwadhini. Funga gitaa lako adhana inapoanza. Nasema tu kwamba sikio ni moja, na lako limelelewa pazuri. Tumia kasida na taarabu kuliamsha.

Kwa hiyo wiki ya kwanza fanya hivi. Piga uzi wa nne wa gitaa ukiwa wazi, ule wa D, uache ulie. (Nahesabu nyuzi kuanzia mwembamba, ambao ni wa kwanza.) Guna noti hiyo mpaka usikie koo lako na uzi vimekuwa kitu kimoja. Kisha guna F, freti ya tatu ya uzi huohuo. Nenda D, nenda F, rudi D. Fanya mpaka umbali huo uuzoee kama umbali wa kutoka mlangoni kwenu hadi dukani. Sasa ugawe kwa hatua mbili zilizo sawa. Usitafute noti yenye jina. Tafuta katikati ya njia. Mara ya kwanza sauti yako itateleza ikaangukia freti ya kwanza au ya pili, kwa sababu redio na simu zimetuzoesha hizo. Usikasirike. Rudi D uanze tena. Siku ya tatu au ya nne utaisikia noti imekaa, na mwili wako utakwambia kabla ya akili.

Noti hiyo ina jina. Wanamuziki wa Kiarabu, kwa maneno waliyoyapokea kutoka Kiajemi, huiita sika, maana yake pahali pa tatu. D ni duka, pahali pa pili; C, pahali pa mwanzo, ndiyo rasti; F ni jaharka, pahali pa nne; na G ni nawa. Napenda majina haya kwa sababu yanaitaja noti kama mahali pa kufika. Nitaitumia sika katika makala yote haya, kwani kuiita "E iliyoshuka robo toni" ni kuifanya kilema cha noti nyingine, na haina kilema.

Simu inaweza kukusaidia hapa. Programu yoyote ya kutuni inayoonyesha senti itakuambia uko wapi: ukiguna sika, mshale utasimama katikati ya D# na E, yaani E imepungua 50. Itumie kama kioo, ujitazame mara moja kisha ukifunike. Wapigaji wengi wazuri huishusha sika ya Bayati chini kidogo ya hapo, na ile ya Rasti huiacha juu zaidi. Mwaka 1932 wanamuziki na wataalamu walikutana Cairo kwenye kongamano kubwa la muziki wa Kiarabu, na vipimo kamili vya noti hizi vilikuwa miongoni mwa mambo ambayo hawakukubaliana. Kama wao walishindwa kuzifunga kwa namba, simu yako isikutawale.

Sasa chukua gitaa. Kuna njia tatu za kulifanya liimbe sika, nami nimezitumia zote.

Njia ya kwanza ni kuvuta uzi. Kwenye gitaa la nyuzi za chuma, hasa la umeme, hii ndiyo njia iliyo karibu zaidi na sauti ya mtu. Kumbuka kuvuta hupandisha tu, hakushushi. Kwa hiyo unabonyeza freti iliyo chini ya sika kisha unaisukuma mpaka ifike. Usijaribu karibu na kichwa cha gitaa, huko uzi ni mgumu. Nenda kwenye uzi wa tatu: freti ya 7 ni D, freti ya 8 ndiyo unayoivuta kidogo kupata sika, freti ya 10 ni F. Endelea kwenye uzi wa pili: 8 ni G, 10 ni A, 11 ni Bb. Kisha uzi wa kwanza: 8 ni C, na 10 ni D ya juu. Tumia vidole viwili kuvuta, kimoja kikikisaidia kingine kwa nyuma, na uvute kabla hujapiga, ili noti izaliwe ikiwa pahali pake. Ukipiga kwanza halafu ukavuta, itasikika kama bluzi. Bluzi ni muziki mtukufu, lakini si ulichokuja kutafuta.

Mwenye gitaa la nailoni atapata shida, kwa kuwa nailoni haivutiki sana. Yeye afuate njia ya pili, ambayo ni kulegeza uzi. Legeza uzi wa kwanza, ule wa E nyembamba, mpaka programu ionyeshe imepungua 50. Sasa uzi huo ukiwa wazi ni sika, na hauna kazi nyingine. D utaipata uzi wa pili freti ya 3, sika uzi wa kwanza wazi, F uzi wa pili freti ya 6, G freti ya 8. Uzuri wa njia hii ni kwamba sika inalia na kuendelea kulia wakati vidole vinasonga, kama kengele iliyo mbali. Ubaya wake ni kwamba ukisahau na kugusa freti yoyote ya uzi huo, kila kitu kinaharibika.

Njia ya tatu ndiyo ninayoipenda, na inagharimu pesa kidogo sana. Nenda dukani wanakouza vifaa vya uvuvi, ununue mshipi wa nailoni wenye unene wa karibu milimita 1. Pima urefu wa uzi wa gitaa lako, kuanzia kile kipande cha mfupa au plastiki kilicho karibu na kichwa hadi pale uzi unapokalia kwenye tumbo la gitaa. Zidisha urefu huo kwa 0.083. Gitaa la kawaida la nailoni lina milimita 650, kwa hiyo utapata 54. Pima milimita 54 kutoka kichwani. Utaangukia kati ya freti ya kwanza, iliyo kwenye 36 na nusu, na ya pili, iliyo karibu na 71. Funga mshipi hapo kuzunguka shingo, ukaze sana, fundo liwe pembeni upande wa nyuzi nyembamba ambako kidole gumba hakifiki. Mshipi usiinuke kupita freti nyingine, la sivyo nyuzi zitanguruma. Ukiwa chini mno, uzi utagusa freti ya pili na hutapata kitu. Kisha sogeza kidogo kidogo huku ukisikiliza, kwa sababu kubonyeza uzi nako kunapandisha sauti kidogo.

Tazama ulichokipata. Bayati nzima sasa iko chini ya mkono mmoja usiohama: uzi wa nne wazi ni D, mshipi ni sika, freti ya 3 ni F, uzi wa tatu wazi ni G, freti ya 2 ni A, ya 3 ni Bb, uzi wa pili freti ya kwanza ni C, ya 3 ni D. Na mshipi huohuo ukivuka uzi wa tano unakupa B iliyo nusu ya njia, ambayo Rasti inaihitaji chini ya C. Anza Rasti kwenye uzi wa tano freti ya 3, panda D, sika, F, G, A, rudi, shuka mpaka ile B, ufunge kwa C. Mara ya kwanza nilipoipiga hivyo nilikaa kimya kwa muda. Kila kitu kilikuwa kimekaa mahali pake, kwa fundo moja la mshipi.

Kufunga freti si uvumbuzi wangu. Wairani hufunga freti za tari na setari zao shingoni tangu zamani, na huzisogeza kadiri ya wimbo. Nchini Uturuki, Erkan Oğur alitengeneza gitaa lisilo na freti mwaka 1976, na Tolgahan Çoğulu akabuni lile la freti zinazosogea mwaka 2008. Ukiwa na uwezo, watafute uwasikilize. Lakini nakusihi usifanye nilichofanya mimi nikiwa na miaka kumi na tisa. Nilichukua plaizi nikang'oa freti zote za gitaa langu la pekee, nikidhani nitapata udi. Mbao ilichanika vipande vipande, nyuzi zikalia kama bati, na nikakaa miezi saba bila chombo. Mshipi ukikosea unaukata kwa wembe, gitaa likabaki zima.

Sika ikishapatikana, wanafunzi wengi hudhani wamemaliza, na hapo hasa ndipo kazi inapoanza. Bayati ina noti nane ukizihesabu, lakini haipandwi kama ngazi ya zoezi. Ina mwendo. Waarabu huzigawa noti kwa vikundi vidogo wanavyoviita jins, neno ambalo sisi tumelirithi tukaligeuza jinsi. Kikundi cha kwanza cha Bayati ni noti nne tu: D, sika, F, G. Kaa humo. Namaanisha ukae humo dakika kumi nzima bila kutoka. Gusa C ya chini, panda D, onja sika, fika F, rudi. Mara nyingine fika G, utulie hapo, urudi kwa kupitia sika. Msikilizaji akishajua nyumba ni D na sebule ni G, ndipo umfungulie chumba cha juu: A, Bb, C. Huko juu kuna njia mbili. Ukitumia Bb unapata huzuni fulani ya utulivu. Ukiipandisha ile B ikawa nusu ya njia, mlango unafunguka upande wa Rasti, na uso wa wimbo unachangamka. Kisha unashuka, na kushuka ndiko kunakomjulisha mpigaji. Usikimbilie D. Simama kwenye sika kidogo, mtu aanze kukungoja, halafu umpe.

Mtu wa kumsikiliza kwa jambo hilo ni marehemu Zein l'Abdin, aliyezaliwa Lamu mwaka 1939, akaishi na kupiga Mombasa, na kufariki 2016. Sikiliza anavyoingia wimbo kwa udi kabla hajaimba neno. Hana haraka. Anazizunguka noti tatu nne, anaziacha, anazirudia kwa njia nyingine. Chukua kipande kimoja cha sekunde ishirini, ukigune mpaka ukijue, halafu ndipo ukitafute kwenye gitaa. Kipande kimoja kwa wiki kinatosha.

Msikilize pia marehemu Juma Bhalo, ila kwa sababu nyingine. Yeye alipenda mtindo wa Kihindi na kinanda cha hamonia, ambacho vitufe vyake haviwezi kutoa robo toni, yaani noti za kati kama sika. Lakini sikiliza sauti yake juu ya kinanda hicho: inateleza, inapita katikati ya vitufe, inafika palepale kinanda kisipofika. Taishokoto nayo ni hivyohivyo. Ilibuniwa Nagoya, Japani, mwaka 1912, ina vitufe kama vya mashine ya taipu, na leo tukiisikia nyuma ya sauti ya Zuhura Swaleh tunajua tuko Mombasa. Nakukumbusha haya ili ujue kwamba pwani hii haikuwahi kungoja chombo kilicho kamili. Ilichukua kilichofika bandarini, na sauti ya mwimbaji ikaziba mapengo. Kule Tanga, wanamuziki wa Black Star na Lucky Star walipoingiza magitaa ya umeme kwenye taarabu, hawakuomba ruhusa ya mtu. Na nyuma ya Umm Kulthum na Abdel Halim Hafez, ambao kanda zao zilizunguka kila nyumba hapa, alikuwepo Omar Khorshid na gitaa la umeme. Kwa hiyo anayekwambia gitaa si chombo cha makamu haya, mheshimu, umsikilize, kisha uendelee na mazoezi.

Jambo moja litakusumbua kwa muda mrefu: kordi. Mkono wako wa kushoto unazitaka. Ukiwa umelelewa na rumba na benga, unaona noti unatafuta kordi yake. Kwenye Bayati, kordi ya D ndogo inataka E ya freti ikipitapita hapo, na sika ikiingia vinagombana, masikio yanauma. Zuia. Chini ya wimbo weka D na A zikilia pamoja, au D na G, na basi. Udi hauna kordi na haujawahi kuonekana maskini. Nafasi ambayo kordi ingejaza, ijaze kwa mkono wa kulia: tetemesha noti ndefu kwa kupiga juu chini upesi kama wapigaji wa udi wanavyofanya kwa risha, na noti fupi zipige kwa kushuka tu, kila moja na uzito wake. Ukiweza kupata mtu wa dumbaki akupigie taratibu, mwezi mmoja naye utakufaa kuliko mwaka wa peke yako.

Tena utunze nyuzi, hasa wewe unayeishi kisiwani. Hewa yetu ina chumvi, na uzi wa chuma ulioanza kutu haupigi noti ya kweli popote, licha ya robo toni. Utadhani sikio lako limekosea kumbe ni uzi. Futa kila uzi kwa kitambaa kikavu baada ya kupiga, kipande cha kanga kuukuu kinafaa, na badilisha nyuzi mara tu ukiziona zimekuwa na rangi ya chai. Wakati wa mvua za masika mbao hujaa unyevu na shingo husogea, kwa hiyo upime tena mshipi wako. Na gitaa lisiachwe ndani ya gari lililoegeshwa juani. Gundi huachia.

Watu kadhaa wameniuliza kuhusu gamelani, zile seti za vyombo vya shaba za Java na Bali, kama njia hizi zinafaa huko. Zinafaa, na mtu wa Mombasa ana pa kuanzia. Gamelani ina mifumo miwili, pelogi na slendro. Pelogi ina noti saba, lakini kwa kawaida hutumika tano kwa wakati mmoja. Ukichukua Kurdi, ile ndugu ya Bayati inayopigika kwa freti za kawaida, D, Eb, F, G, A, Bb, C, ukaondoa G na C, zikabaki D, Eb, F, A, Bb, umekaribia pelogi kiasi cha kuitambua. Piga uzione zinavyong'ara. Slendro ni noti tano zenye umbali ulio karibu sawa, kama senti 240 kila mmoja, na freti haziwezi kabisa. Hapo legeza na ukaze nyuzi zenyewe. Ukianzia D, E iongezwe 40, G ipunguzwe 20, A iongezwe 20, C ipunguzwe 40. Hizo ni namba za kuanzia tu, maana kila seti ya gamelani hutuniwa kivyake, na vyombo vya seti moja havichanganywi na vya nyingine. Huko Bali vyombo hutengenezwa viwiliwili, kimoja kikipandishwa kidogo kuliko mwenzake ili sauti zao zikigongana zitetemeke. Wenyewe huita mtetemo huo ombak, yaani wimbi. Unaweza kuupata kwenye gitaa kwa kupiga noti moja kwenye nyuzi mbili, moja ukiwa umeilegeza kidogo mno.

Mwaka 1964 mtafiti A. M. Jones alichapisha kitabu akidai marimba za Afrika zilirithi mpangilio wake kutoka Indonesia. Wataalamu wengi hawakukubali hoja zake, na mimi siwezi kuamua kesi hiyo. Lakini ngalawa yenye mbao mbili za pembeni ambayo wavuvi wetu huingia nayo baharini, asili ya umbo lake huelezwa kuwa huko huko Kusini Mashariki mwa Asia, na Kimalagasi, lugha ya jirani zetu wa kusini, ni cha ukoo wa lugha za huko. Pepo za kaskazi na kusi zilibeba mengi. Ukiipiga pelogi Mombasa, usijione umekwenda ugenini sana.

Bado naamini uanze na Bayati, kwa sababu utapata wa kukurekebisha. Pelogi utakosea na hakuna jirani atakayejua. Bayati ukikosea hapa mtaani Mlango wa Papa, mama anayepita na kikapu chake atageuka kukutazama.

Kwa hiyo ikifika siku ya kukaa na wakubwa, na ifike mapema, kabla hujaona uko tayari, fanya hivi. Omba ruhusa kwa aliye mkubwa wa kikundi, usikae mbele. Tuni gitaa lako kwa udi wao, kwa kuwa hawatatuni kwa simu yako; D yao inaweza kuwa chini ya yako, na uifuate hiyo. Ukiwa na spika, ishushe sauti mpaka wewe mwenyewe uisikie kwa shida. Usiku wa kwanza piga D na G tu, kila udi unapotulia, na usiguse sika hata mara moja. Isikilize ikipigwa na wenyewe. Usiku wa pili, wimbo unaposhuka kurudi nyumbani na udi ukasimama pale kabla ya D, weka kidole chako kwenye mshipi, upige mara moja, polepole, pamoja nao.